Nzi Wamekataa

Wauza samaki wa mwaloni, kule mitumbwi inakoshusha samaki, wananiona mwanamke wa ajabu. Muuzaji akishika kijiti cha majani awafukuze nzi ili nione samaki vizuri, mimi namwomba akiweke chini. Nasimama pale na kikapu changu, nasikiliza. Nzi wakirudi kuvuma juu ya sato, nanunua. Wasiporudi naondoka, na nikisemwa nyuma nasikia lakini sigeuki. Tabia hiyo nimeirithi kwa mjomba wangu Shija, ambaye mtaa mzima ulisema akili zake hazikutimia.

Nisiwafiche, hata nyumbani tulisema hivyo. Mjomba Shija, mdogo wake mama, alikuwa mtu mzima mwenye ndevu, lakini kufunga vifungo vya shati kulimshinda. Kila asubuhi aliwasalimia nzi wa jikoni kwa Kisukuma, "Mwangaluka," kisha akatulia kusubiri waitikie. Mama alimtoa kijijini, upande wa Bujora, baada ya bibi kufa, maana ndugu waliobaki walikuwa wanamlaza na mbuzi. Baba alikubali akae kwetu kwa sharti moja: asituaibishe mbele ya wageni.

Ilikuwa miaka ile biashara huria imeingia. Maduka yalijaa mitumba na mafuta ya kupikia ya kila namna, na dawa ya pamba, ile ya kuulia wadudu, ambayo zamani ilitoka kwenye chama cha ushirika tu, sasa ilipangwa rafu moja na sukari. Viwanda vya minofu vilichukua sangara, ndege zikawabeba, na sisi tuliozaliwa ziwa likiwa mlangoni tukawa watu wa dagaa. Sato alisubiri sikukuu.

Basi washenga wa dada Minza wakatuma habari kwamba watakuja Jumamosi kutoka Kigongo. Mama akanituma mwaloni, nikiwa na miaka kumi na mmoja, na Mjomba wa kunibebea beseni. Nilimkuta kijana amekaa peke yake, mbali na wauzaji wengine, ana sato wanono kwenye gunia kwa bei ambayo sikuiamini. Nikachagua sita. Mjomba akachuchumaa, akawatazama kwa muda mrefu. Akatazama fungu la mama mmoja pale ng'ambo, limekuwa jeusi kwa nzi, halafu akarudi kutazama wa kwetu.

"Kabula," akaniambia, "nzi wamekataa."

Nikatazama. Kweli, hapakuwa na nzi hata mmoja. Nikamjibu kwamba ndiyo usafi wenyewe huo, anyanyue beseni twende.

Mama alinisifia mpaka nikavimba kichwa. Mjomba alipomwambia maneno yake, aliambiwa akakae nje na nzi wake. Akayarudia samaki wanapokaangwa, akayarudia wanapoungwa nyanya na vitunguu, mwishowe akamshika mama mkono wenye mwiko. Mama akamsukuma. Washenga walikuwa wameshaketi sebuleni na soda zao, baba anawachekesha, harufu ya mchuzi imejaa nyumba nzima. Mama aliingia kuwanawisha mikono. Alipotoka, sufuria haikuwapo jikoni. Mjomba alikuwa anatoka chooni, ameishika kichwa chini, anakung'uta mchuzi wa mwisho.

Mama hakupiga kelele, kwa ajili ya wageni. Alinivuta nyuma ya nyumba, akaniuliza polepole, "Ulikuwa naye, Kabula. Wale samaki walikuwa na kasoro yoyote?"

Hapo ndipo ningeweza kumwokoa. Nililikumbuka lile fungu jeusi, na gunia letu lisilo na nzi. Lakini nilikuwa nimeshasifiwa kwamba najua kuchagua.

"Walikuwa wazima, mama," nikasema. "Ni mjomba tu."

Washenga walikula maharage. Walikuwa waungwana, wakasema maharage ni matamu, na baadaye dada aliolewa. Ila sharti la baba lilikuwa pale pale. Jumatatu asubuhi Mjomba alifungiwa nguo zake kwenye mfuko wa rambo apelekwe stendi, arudi kijijini. Kabla ya kutoka alituuliza mmoja mmoja, baba, mama, dada, mdogo wangu: "Wewe ulikula?" Kila aliyesema hakula, Mjomba alimpigia makofi. Aliponifikia mimi nilimjibu kwa hasira kwamba sikula hata mkia, kwa sababu yake. Akacheka mpaka machozi yakamtoka. Nilimchukia siku ile. Nilidhani anafurahia njaa yangu.

Mwaka haukuisha, redio ikaanza kusema kuna wavuvi wanaomwaga dawa ya pamba ziwani, samaki wakielea wanaokota na kuuza. Mama alikuwa anapepeta mchele. Mikono yake ikasimama kwenye ungo. Akasema, kama anajisemea, kwamba Shija ndiye aliyenyunyiza dawa kwenye shamba la pamba la baba yao miaka yote, na nzi hawakuwa wanaisogelea ndoo yake ya dawa. Kisha akaniangalia. Nikamwambia kila kitu. Hakunipiga, na afadhali angenipiga.

Kesho yake alikwenda kijijini mwenyewe, akarudi naye, amekonda na ananuka mbuzi. Sikumbuki mtu aliyemwomba radhi kwa mdomo. Ila tangu hapo samaki akiingia kwetu aliwekwa kwenye beseni mlangoni, na jiko halikuwashwa mpaka Mjomba aseme, "Wamekubali." Hata baba alisubiri, gazeti mkononi.

Kama sato wale walikuwa na sumu kweli, sijui, walishapotelea chooni. Nilichokuja kukielewa, na nimekielewa nikiwa tayari nawapikia wanangu, ni lile swali la asubuhi ile. Mjomba alikuwa anatuhesabu. Mimi ndiye niliyemponza, na mimi ndiye aliyenifurahia kuliko wote kwamba sikula. Alipomaliza kutuhesabu tukatimia, akabeba mfuko wake wa rambo, akaenda kulala na mbuzi.