Sauti Inayokwaruza

Kukwaruza ndiko kunakofanywa na kijiko ndani ya sufuria, ugali ukiwa umeungua. Lori la saruji kutoka Hima nalo hukwaruza likifunga breki mteremkoni. Hiyo si kelele. Kelele ni wingi tu wa sauti, na mwenye kupiga kelele akichoka hunyamaza. Sauti inayokwaruza inaweza kuwa ndogo kabisa na bado ukasikia meno yanakufa ganzi.

Neno hilo ndilo mwalimu wa kwaya yetu hapa Kasese alilomwambia mama yangu mbele ya wenzake. "Mama, sauti yako inakwaruza. Simama na wengine, lakini fungua mdomo tu."

Mimi ningempa jibu lake palepale. Mama alisema funika kombe mwanaharamu apite, akaendelea kuvaa kitenge cha kwaya na kuchezesha midomo kila Jumapili. Nikamtania kwamba anaimba kama samaki. Alicheka sana, nami nikadhani yamekwisha.

Mwaka jana akafariki mdogo wake, mama mdogo aliyekuwa akiuza vitenge Bwera. Ukoo wetu ulitoka upande wa Butembo, na tulivuka mpaka na desturi yetu: jeneza likianza kushuka kaburini, dada wa marehemu ndiye anayeanzisha wimbo. Mtu mwingine haruhusiwi kumtangulia. Na mama ndiye dada pekee aliyebaki.

Jeneza likaanza kushuka. Mama akafungua mdomo, midomo ikacheza neno kwa neno, lakini hakuna kilichosikika. Watu wakangoja. Wanaume wakabaki wameshikilia kamba, jeneza likining'inia, hawashushi wala hawapandishi.

Nikamsogelea. "Mama, imba."

"Acha, mutoto yangu," akaninong'oneza kwa Kiswahili chake cha Butembo. "Sauti yangu iko nakwaruza. Sitaki imukwaruze mudogo yangu ata hapa."

Hasira ilinipanda mpaka machozi yakanitoka. Yule mwalimu hakuwepo hata nimwambie neno. Basi nikaanza kuimba mwenyewe, na kwa kuwa koo langu nimelirithi kwa mama, nilikwaruza vilivyo. Wazee wakageuka kunitazama. Sikujali.

Mama akanipiga kofi dogo begani.

"Nyamaza," akasema. "Hiyo iko kazi yangu."

Akaurudia wimbo tangu mstari wa kwanza, kwa sauti yake yote, na wanaume wakaendelea kushusha.