Sare ya Mpwa wa Bosi

Bosi wangu, Mhindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa mtaani Tena, ana mpwa anayecheza kriketi ya mikoa kule India. Mechi moja siku nne! Hata matanga ya kwetu Magharibi hayajikokoti hivyo. Kwenye simu ya bosi hakuna picha, ni namba tu, naye huzikodolea macho kama mtu anayesubiri majibu ya daktari. Kila msimu mpwa hupiga vizuri, na kila msimu bosi hungoja aitwe timu ya taifa, avae sare yao.

Juzi, siku ya nne, nilikuwa napima misumari nikamsikia akisema, "Sare."

Nikaimwaga yote. "Amepata sare! Bosi, si nilikwambia? Hongera!" Nikamshika mikono, nikawaita hata wa duka la pili waje wasikie.

Aliniacha nimalize kelele zangu.

"Mechi, mama," akasema. "Mechi imetoka sare."

Nikapiga magoti kuokota misumari. Akainama kunisaidia.

"Mpwa wangu ana miaka thelathini na sita sasa," akasema, ingawa sikuwa nimemuuliza.