Nilimgawia Nafula Vidonge Vyangu

Msinihurumie mkisoma hii. Rafiki yangu Nafula hakuniomba dawa. Ni mimi niliyempa.

Tulikuwa tunakaa chumba kimoja huko Mashimoni, Kibera. Mchana tunasuka watu nywele Kawangware, chini ya mwavuli. Mimi ndiye niliyekuwa na ndoto: siku moja tutafungua saluni yenye kioo cha ukuta mzima. Hata jina nilikuwa nimeshachagua.

Halafu nikapatikana na TB. Kliniki wakanipa vidonge, wakaniambia nisiruke hata siku moja. Nikaanza kunenepa. Na Nafula naye akaanza kukohoa.

Nilimbembeleza twende akapimwe, akakataa. Alisema watu wa kliniki watakuja kuangalia nyumba, mama mwenye ploti tuliyopanga atajua, tutatupiwa vitu nje sisi wote.

Mimi roho yangu ni ya huruma. Asubuhi moja nikavunja kidonge katikati, nikampa nusu.

"Wee, sasa umekuwa daktari?" akacheka.

"Daktari wa Mashimoni. Meza."

Ikawa hivyo kila siku, kabla ya chai. Kikohozi chake kikapungua kidogo, nami nikajiona nimemwokoa! Kliniki wakiniuliza kama namaliza dawa, nasema ndio.

Kisha kikohozi kikarudi, na damu. Siku niliyompeleka hospitali nilimbeba mgongoni mpaka barabarani, na sikuchoka. Alikuwa amekuwa mwepesi hivyo. Hakurudi nyumbani.

Sikulia. Nilienda nikasuka kichwa cha mteja mpaka mwisho, nikakunja mwavuli.

Baadaye ugonjwa wangu nao ukarudi. Nesi alinikazia macho mpaka nikasema yote. Hakunigombeza.

"Dawa ni ya bure," akasema. "Si ungemleta tu?"

Na yule mama mwenye ploti tuliyemwogopa, aliposikia, aliniletea uji.

Wewe mwenye rafiki anayekohoa, usimgawie dawa yako. Haitamtosha yeye, haitakutosha wewe. Gombana naye, mkosane kabisa, lakini mfikishe kliniki. Heri akununie akiwa hai.

Siku hizi nameza dawa nyingine, kali kuliko ile ya kwanza. Nameza kidonge kizima. Lakini kila asubuhi, kabla ya chai, vidole vyangu hukishika pale katikati, vikitaka kukivunja.