Siku Upande Wetu Ulipotetea Utumwa

Mimi nimesoma hadi kidato cha pili na natengeneza simu kwenye kibanda karibu na Chimwaga, kwa hiyo msinitegemee sana kwa mambo ya Biblia. Ila niliwahi kukaa sebuleni kwa watu, Mlali, suruali imepigwa pasi mpaka inakata, nikimwomba Mungu athibitishe kwamba mama yake bibi yangu alikuwa mtumwa. Na niliomba kwa imani kweli kweli.

Tulikwenda kuposa. Tulikuwa mimi, bibi yangu wa Kibakwe, na baba mdogo, ambaye tulimfanya mshenga kwa sababu anafundisha Shule ya Jumapili na hajui kunyamaza. Kazi yangu ilikuwa kuinamisha kichwa. Hiyo haikunishinda, maana humo kichwani nilikuwa nimeshajenga nyumba yetu na nilikuwa nachagua mapazia.

Aliyetupokea ni baba mkubwa wa mchumba wangu, mzee wa kanisa. Salamu zikaenda vizuri, soda zikaja. Kisha akamuuliza bibi, kwa heshima tu, mama yake alikuwa mtu wa wapi.

"Alikulia hapa hapa," bibi akasema. "Kwenye boma la babu yenu."

Baba mkubwa akaweka soda chini. "Kumbe wewe ni mtoto wa yule binti wa mtama."

Habari yenyewe tuliijua wote. Miaka ile ya njaa kubwa, mzazi aliyeshindwa alimpeleka mtoto kwa wenye nafaka, akarudi na mtama ili wengine waliobaki wale. Mama yake bibi alikuwa mtoto wa namna hiyo. Kwao Mlali habari hii husimuliwa kama ushuhuda wa ukarimu.

"Tulimlea kama binti yetu," baba mkubwa akasema, na uso wake ukang'aa. "Kwa hiyo sisi na ninyi ni ukoo mmoja. Na kwetu, mama, ukoo mmoja hauoani."

Hapo ndipo mapazia yangu yalipoanza kuwaka moto. Kama yule alikuwa binti yao, mchumba wangu ni dada yangu, nirudi nikatengeneze simu. Kama alikuwa mtumwa wao, hakuna udugu, karibuni harusini.

Baba mdogo akafungua Biblia. Sijui kama kuna mwalimu wa Shule ya Jumapili aliyewahi kuutetea utumwa kwa bidii namna ile.

"Mzee wangu, tusiwe wepesi," akasema. "Walawi inaruhusu kabisa. Mgeni ananunuliwa, anakuwa mali, hata watoto wa bwana wake wanamrithi. Na mitume wakaja wakasema watumwa watii. Wangetiije kama hawapo?"

"Umesoma nusu," baba mkubwa akajibu. "Aliyenunuliwa kwa fedha alitahiriwa, akala Pasaka na wenye nyumba. Halafu yule mtumwa aliyetoroka, mtume alimrudisha kama nani? Kama ndugu."

"Ila alimrudisha."

"Kama ndugu!"

"Ndugu gani anarudishwa kwa barua?"

Nilijikuta natikisa kichwa kumuunga mkono baba mdogo. Mimi, ambaye Jumapili naimba nyimbo za kufunguliwa minyororo nikiwa nimefumba macho, nilikuwa natamani Walawi iwe kali zaidi.

Baba mkubwa akatoa la mwisho. "Alipoolewa, ng'ombe wa mahari walikuja kwetu. Nani anapokea mahari ya mtumwa?"

Ushahidi mzito huo. Wamempata kwa mtama, wamemtoa kwa ng'ombe, basi walimpenda.

Bibi alikuwa akiwasikiliza muda wote kama vile wanaozungumziwa ni watu wa Agano la Kale. Ndipo akasema, "Naomba niseme kidogo, baba."

"Sema, mama."

"Mama alilala na ndama. Watoto wa nyumba walilala na mama yao. Alitwanga, wakala, wakishiba naye anakula. Mavuno yalipokuwa mazuri babu yangu alikuja kumfuata, mtama wa kuwarudishia kaubeba kichwani. Wakaukataa. Wakamwambia binti ameshazoea kazi."

Baba mdogo aliacha kidole chake kwenye mstari aliokuwa ameutafuta. Nilikuwa nimeshinda, na nilishindwa kumtazama bibi.

"Sikuja kudai," akaendelea. "Lakini mnasema alikuwa binti yenu. Haya. Aliitwa nani?"

Baba mkubwa akatazama dari. Akalitafuta jina, akasafisha koo, akasema kwamba wazee waliojua hayo wameshatangulia. Mwishowe akanyoosha mkono, akaifunga Biblia ya baba mdogo.

"Basi," akasema. "Udugu haupo. Tuendelee na posa."

Hivyo ndivyo nilivyopewa mke. Baba mdogo alinifinya paja kwa furaha, nami nilikaa pale na ushindi wangu kama mtu aliyeshikishwa sufuria ya moto. Sebule nzima ya Wakristo, na hakuna aliyesema hata pole.

Pazia la chumba cha ndani likasogea. Mchumba wangu alitakiwa kutulia huko mpaka aitwe. Hakuitwa. Alipita mbele ya baba yake mkubwa, akapiga magoti kwa bibi.

"Shikamoo bibi. Pole."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Aliitwa nani?"

Bibi akamvuta karibu, akamwambia.