Siku Ukungu Ulipotushika Ngong

Enzi zetu, mtoto wa Kinoo hakuhitaji kufundishwa baridi. Alizaliwa akaikuta mlangoni. Mwezi wa saba tulienda shule tumevaa sweta mbili zilizofumwa nyumbani, moja juu ya nyingine, magoti yamepauka kama yaliyopakwa majivu kwa sababu mafuta ya kujipaka yalikuwa ya Jumapili. Viazi vitamu vya kuchemsha tulivitia mfukoni vingali moto, vikatupasha mapaja njia nzima kabla hatujavila. Jioni tulicheza kati kwa mpira wa matambara na kuruka blada hadi mama zetu watoke nje kutuita kwa majina yetu yote mawili, na hapo kila mtu alijua mchezo umekwisha. Nani wa rika langu hakumbuki?

Mengi ya siku zile nikiyakumbuka hucheka. Kuna siku moja tu ambayo mpaka leo, mwanamke mzima ninayeishi katika fleti Kilimani, nikiikumbuka naenda kuangalia kama madirisha yamefungwa.

Tulikuwa darasa la saba. Shuleni kwetu kulikuwa na kundi la kupanda milima, na aliyeliongoza alikuwa Mwalimu Wafula, mtu wa upande wa Bungoma, mrefu, mwembamba, aliyetufundisha jiografia. Kila Ijumaa baada ya masomo alitupeleka uwanjani. Tulifunga hema na kulifungua, tulichimba mfereji kulizunguka ili mvua isituamshe, tulichovya vichwa vya njiti za kiberiti katika nta ya mshumaa ili maji yasiviharibu. Nguo za kubadilisha tulizifunga ndani ya mifuko ya nailoni, ile ambayo siku hizi ukikamatwa nayo unapelekwa kortini. Gazeti kuukuu lilikuwa lazima kwa kila mkoba. "Si la kusoma," alituambia. "Ukipatwa na baridi, liweke ndani ya sweta, kifuani na mgongoni."

Alikuwa na maneno yake, na aliyarudia mpaka tukawa tunamuigiza akigeuka. "Ukijua umepotea, keti chini. Usitembee ukaniongezea kazi." Na jingine, ambalo alilisema bila kutabasamu: "Mwenzako akitetemeka, shukuru Mungu. Akiacha kutetemeka kabla hajapata joto, hapo ndipo uogope."

Rafiki yangu katika kundi lile alikuwa Manjit, ambaye jina langu Wanjiru alilifupisha kuwa Ciru. Familia yao ilikuwa ya Singasinga, na baba yake alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Kangemi. Alikuwa msichana mwembamba, nywele zake zimesukwa msuko mmoja mrefu hadi kiunoni, na mkononi alivaa bangili ya chuma ambayo kwao haivuliwi. Hesabu ndiyo iliyokuwa sifa yake. Mwalimu akiuliza swali, Manjit alikuwa na jibu kabla sisi hatujaelewa tulichoulizwa.

Likizo ya Agosti, Mwalimu Wafula na mwalimu mwingine, Bi. Atieno, walitupeleka Milima ya Ngong. Tulipiga kambi chini, karibu na ofisi ya misitu, na kulipopambazuka tukaanza kupanda. Asubuhi ile ilikuwa nzuri kupita kiasi. Upande mmoja tuliiona Nairobi yote, majumba ya katikati ya jiji yakiwa madogo kama masanduku ya viberiti. Upande wa pili ardhi ilikatika ghafla, ikashuka mpaka Bonde la Ufa, na tuliposogea kuchungulia Mwalimu alitukemea kwa sauti ambayo hatukuwa tumewahi kuisikia. Kule hakukuwa na mzaha.

Tulikuwa tunarudi, mchana umepinda, Manjit aliponishika sweta. "Ciru, nataka kujisaidia." Kanuni ilikuwa kwenda wawili na kumwambia mtu wa mwisho katika mstari. Nilimwambia. Yule kijana aliinua mkono, nikadhani amenisikia. Baadaye tulikuja kujua kwamba upepo ulikuwa umeyachukua maneno yangu, na mkono ule aliuinua kushika kofia yake.

Tuliteremka kidogo, nyuma ya vichaka, mbali na njia kwa umbali wa kurusha jiwe. Tulipoinuka, vichaka havikuwepo.

Sijui niueleze vipi ukungu ule kwa mtu ambaye hajaingiwa na kitu kama hicho. Haukuja taratibu. Ulipanda kutoka bondeni kama moshi wa jiko lililomwagiwa maji, na mara nikawa siioni miguu yangu mwenyewe. Nilimwona Manjit kama kivuli, ingawa nilikuwa nimemshika mkono.

"Njia ni huku," akasema.

"Hapana, ni huku."

Alipiga hatua ya kunionyesha, akatumbukia. Lilikuwa shimo tu, pengine la ngiri, halikufika hata magotini. Lakini nilisikia mguu wake ukilia, mlio mdogo, mkavu, kisha yeye mwenyewe akalia. Nilimvuta juu kwa makwapa. Mguu wa kulia haukukanyagika.

Tulipiga kelele. Tuliita, "Mwalimu! Mwalimu!" hadi koo zikakauka, na upepo ukaturudishia sauti zetu usoni. Hapo manyunyu yakaanza.

Kisha tukasikia kengele za ng'ombe, mbali, chini yetu.

"Ciru, kuna watu," Manjit akasema akitetemeka. "Tushuke. Nitashika bega lako, nitarukaruka na mguu mmoja."

Nilitaka kushuka. Kila kiungo cha mwili wangu kilitaka kushuka. Kengele zile zilikuwa na maana ya boma, moto, mtu mzima wa kutuambia la kufanya. Lakini sikujua tumeelekea upande gani wa mlima, na niliikumbuka ile sauti ya asubuhi, Mwalimu akitukemea tusisogee ukingoni. Nikapapasa mbele kwa mguu. Nyasi, nyasi, jiwe, kisha hakuna kitu. Hakukuwa na kitu kabisa. Nilirudi nyuma kwa makalio.

"Tunaketi," nikamwambia. "Tunaketi hapa hapa."

Nilitandika mkoba wangu tukaukalia. Nilikuwa nimekishika kikombe changu cha bati, nimefikiria kukigonga, ndipo niliposikia pumzi. Pumzi nzito, ya pua pana, ikifuatwa na mlio wa nyasi kung'olewa. Harufu ikatufikia, kama ya zizi lililolowa. Tulikuwa tumeambiwa wazi kwamba milima ile ina nyati.

Manjit alinitazama. Nami nilielewa jambo ambalo sijalisahau: nikigonga, Mwalimu atasikia, na nyati atasikia kwanza. Nisipogonga, hakuna atakayejua tuliko, na jioni inakuja. Nilikuwa mtoto, na hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Nilimziba Manjit mdomo kwa kiganja, nikauma mkono wa sweta yangu, tukakaa. Kitu kile kilikula. Kilikula bila haraka, karibu sana nasi, na kila kilipotulia nilijua kimeinua kichwa na kinatusikiliza. Mkojo ulinitoka. Nasema bila haya.

Sijui muda gani ulipita. Hatimaye nyasi zilisikika zikikatika mbali kidogo, kisha mbali zaidi, kisha upepo tu.

Niliondoa kiganja changu mdomoni mwa Manjit. Nilitarajia alie. Hakulia. Alisema polepole, "Baridi imeisha, Ciru. Wacha nilale kidogo."

Nilimshika mashavu. Yalikuwa kama sufuria iliyolala nje. Na hakuwa akitetemeka.

Nimezaa, nimezika mzazi, nimekaa katika korido za hospitali nikisubiri daktari atoke. Woga kama ule wa dakika ile sijaupata tena.

"Manjit, usilale. Saba mara nane?"

Akafikiri. Msichana aliyekuwa na jibu kabla ya swali, akafikiri, kisha akasema, "Kesho."

Mikono yangu ilianza kufanya kazi yenyewe, kama ilivyofanya Ijumaa zote zile uwanjani. Nilimvua sweta iliyolowa. Alinipinga, akanisukuma kama mlevi. Nilimvisha fulana kavu iliyokuwa katika nailoni, nikampachika kurasa za gazeti kifuani na mgongoni, nikamvisha sweta yangu ya akiba juu yake. Miguu nikaiingiza ndani ya mkoba wake mtupu. Kisha nikamkumbatia kwa nyuma kwa nguvu, na huku nimemshika mkono wenye bangili, nikaanza kuigonga bangili ile kwenye kikombe cha bati. Mara tatu, kimya. Mara tatu, kimya. Chuma kwa bati, mlio mkali wa kuudhi. Kila niliponyamaza nilisikiliza mambo mawili: Mwalimu na nyati.

"Jina la mamako nani? Manjit! Mlikula nini jana?"

Wakati mwingine alijibu. Wakati mwingine nilimfinya.

Ukungu ulikuwa umeanza kuwa wa kijivu, jioni inaingia, niliposikia filimbi. Nilidhani ni masikio yangu. Ikalia tena, mara tatu.

"Mwalimu!"

"Wanjiru! Usije! Kaa hapo hapo, piga tu! Usiache kupiga!"

Nilipiga hadi ngozi ya vidole ikachubuka. Alitokea ukunguni akitambaa kwa magoti, kamba imefungwa kiunoni, Bi. Atieno na wavulana wakubwa wameshika ncha ya pili huko juu njiani. Kitu cha kwanza alichouliza ni, "Mko wawili?" Kisha akauliza tena, ingawa alikuwa ametuona. Alinishika bega, asiniachie hata alipokuwa akikagua mguu wa Manjit. Mpaka siku hiyo nilidhani watu wazima hawaogopi, kwamba woga ni kitu kama meno ya utotoni, hung'oka.

Alimbeba Manjit mgongoni, mimi nikafungwa kamba nyuma yake. Kambini walimvika blanketi na kumnywesha chai ya sukari nyingi, kidogo kidogo, wala hawakumsogeza karibu na moto ingawa alilia akiutaka, kwa kuwa joto la ghafla lingemdhuru. Gari la ofisi ya misitu likatupeleka sote wawili hospitali. Mguu ulikuwa umevunjika kifundoni. Maisha yake yalikuwa salama. Alipoweza kusema vizuri, neno la kwanza aliloniletea muuguzi kutoka kwake lilikuwa, "Mwambie ni hamsini na sita."

Kundi letu la milima halikuendelea. Wazazi walikataa, na siwezi kuwalaumu. Mwalimu Wafula alihamishiwa kwao mwaka uliofuata. Manjit sasa yuko Parklands, ana wajukuu wawili, na msimu wa baridi mguu ule humsumbua. Tunapigiana simu. Siku ile hatuizungumzii sana.

Siku hizi kupanda milima kumekuwa fasheni. Binti yangu, Wambui, anafanya kazi Upper Hill, na kila mwisho wa mwezi yeye na wenzake wanakwenda. Nimewaona wakifungasha. Spika ya muziki, viatu vyeupe pepe, taa ya kujipigia picha, na crisps za kutosha darasa zima. Nguo ya kubadilisha hakuna, eti itaharibu picha. Mwezi uliopita nilimuuliza, "Mkishikwa na ukungu mtafanya nini?"

"Mum, relax. Kuna ramani kwa simu."

"Na simu ikizima?"

"Nina power bank."

"Na mwenzako akiacha kutetemeka?"

Alinitazama kama mtu anayesikia lugha ya kigeni. "Sasa akiacha kutetemeka si ni poa?"

Nilimketisha kitandani nikamweleza. Alisikiliza nusu, nusu nyingine ilikuwa kwenye simu. Akaondoka. Saa nne asubuhi nilimwandikia ujumbe, ukakaa na tiki moja ya kijivu, yaani haujafika kwenye simu yake. Adhuhuri, tiki moja. Nilipika chapati zikaungua. Nilipiga simu, nikaambiwa na ile sauti ya mwanamke kwamba mteja hapatikani. Alirudi jioni akiimba, amechomwa na jua, hajui kwamba mamake amezeeka siku hiyo.

Nilimkumbuka mama yangu. Alikuwa fundi wa nguo, na Jumamosi ile nilipokuwa mlimani alishinda nyumbani Kinoo akikata gauni za harusi, redio imewashwa, majirani wanapita wakitaniana. Hakuwa na simu. Hakujua lolote hadi nilipoingia mlangoni siku ya pili, vidole vimefungwa bendeji. Miaka mingi baadaye aliniambia jambo lililomuuma: kwamba siku ile alikuwa amecheka sana.

Enzi zetu tulifunzwa kuogopa, na mama zetu wakabaki nyumbani wakicheka. Siku hizi watoto ndio wanaocheka huko mlimani, na sisi tumekaa fletini, simu mkononi, tunatazama tiki moja ya kijivu.