Babu na Fimbo Yake Mbele

Babu yangu hakuwahi kutembea sambamba na mtu.

Kanisani, sokoni, hata shambani kwake hapa Marangu: yeye mbele na fimbo, bibi na sisi nyuma. Ukijaribu kumpita, anakuzuia kwa fimbo. Wajukuu tulimwita Mheshimiwa. Tuliamini ni maringo tu.

Leo tumemzika kihambani, shamba la nyumbani, kati ya migomba.

Mchungaji akauliza kama kuna mwenye neno. Akasimama mzee mmoja mgeni, katoka Pasua, huko mjini.

"Nilikuwa naye vita vya Kagera. Kazi yake ilikuwa kutangulia njiani kutafuta mabomu yaliyotegwa ardhini. Sisi tulikanyaga alipokanyaga yeye. Ndiyo maana nimezeeka."

Akakaa.

Jamani. Hebu niambieni, nyie mngesema nini hapo?

Nikamgeukia bibi. Kumbe alijua siku zote.

"Alinikataza kuwaambia," akasema. "Aliona mtaogopa kutembea."

Kaburini tulikuja tumesongamana, tunakanyaga hadi miche ya kahawa. Wakati wa kuondoka hakuna aliyetupanga. Tulitoka kwa mstari mmoja, kila mtu akikanyaga kwenye unyayo wa aliye mbele yake.

Mbele kabisa alikuwa bibi, na ile fimbo.