Maji ya Kona ya Ukuta

Usiku ule simu ilikaa juu ya meza ya kupigia pasi, na mama aliitazama kama mtu anayechunga maziwa yasifurike. Mwanawe alisema angempigia mara tu bwana afya akimdokezea ripoti imekaaje. Ama bwana afya hakudokeza, ama alidokeza na mwana akaona heri anyamaze. Simu haikulia. Mama alipiga pasi mashati ya watu mpaka kapu likaisha, kisha akayakunjua yale ya juu akayapiga upya.

Majirani walimwita Mama Macho, na hawakumwita kwa ubaya. Gari likisimama mtaani, yeye ndiye aliyejua limemleta nani. Mtoto wa mtu akikawia kurudi shuleni, yeye ndiye aliyeulizwa. Lakini siku hizi macho yale yalikuwa na kazi moja tu, uwanja wake mwenyewe wa nyuma, ambako vyumba viwili vipya vilisimama vimepakwa rangi na kutiwa madirisha, vina kila kitu isipokuwa ruhusa ya mtu kulala ndani.

Mambo yalikuwa hivi. Mwanawe alivijenga vyumba vile ili ahamie na mkewe na binti yao mdogo, mama asizeeke peke yake. Nyumba ya mbele ilikuwa na tangi la maji taka ambalo marehemu mumewe alilichimba wakati nyumba ina watu watatu, na tangi lenyewe lilikwisha choka. Mvua ikinyesha, choo kilikoroma kama mzee mwenye kifua. Kanuni ya bodi ya afya ilikuwa wazi: vyumba vikiongezeka, tangi nalo liwe kubwa zaidi, na kando yake lichimbwe shimo la kunywea, lile la mawe linalopokea maji kutoka tangini na kuyaacha yazame ardhini polepole. Ardhi isiyokunywa maji, bodi haiipitishi. Bodi isipopitisha, hakuna kuhamia.

Mkwe naye alikuwa amesema, kwa heshima lakini bila kuzungusha. Mwenye nyumba wao alitaka nyumba yake mwisho wa mwezi. Bodi ikikataa, wangechukua nyumba ya ghorofani upande wa pili wa mji, karibu na kazini kwake. Mama alisema haya, mwanangu, nimekusikia. Alijua maana yake. Mtu akihamia upande wa pili wa mji, humwoni tena. Unaoneshwa picha zake kwenye simu.

Shimo la majaribio lilichimbwa kwenye kona ya ukuta, mahali pekee palipokuwa mbali na msingi wa nyumba na mbali na kisima cha jirani. Liliachwa usiku mmoja bila kufukiwa, bati juu, ili bwana afya akija asubuhi aone kama ardhi ni kavu au ina maji karibu. Bati lilipoinuliwa, maji yalikuwemo. Fundi aliyelichimba, mtu wa mizaha ambaye mtaa mzima ulimwita Sululu, siku ile hakutania. Bwana afya aliteremka kwa ngazi, akapima, akapapasa udongo, akapanda, akanawa mikono na kuondoka. Mama alimsindikiza mpaka langoni akitafuta neno usoni mwake, na uso ule haukuwa na neno.

Sasa alikaa tu. Hofu ilikuwa imemtumikisha siku zote hizo hata ikaisha yenyewe, kama kipande cha sabuni. Kilichobaki ni uzito wa vidole. Alizima taa na kulala na nguo zake.

Asubuhi mwana aliandika ujumbe mfupi kwamba wakutane zahanati. Bodi ilikaa huko, kwenye chumba cha kungojea wagonjwa, nyuma ya meza ndefu iliyofunikwa plastiki ya maua. Mwenyekiti alikuwa mkunga mstaafu mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Upande mmoja wake aliketi mwalimu, na upande wa pili mwenye duka la saruji, ambaye alikuwa akisinzia kwa ustadi, macho wazi. Kesi ya kwanza ilikuwa ya bwana mmoja aliyejenga choo mkabala na dirisha la jiko la jirani. Alijitetea kwamba yeye ndiye aliyetangulia, dirisha ndilo lililomfuata. Mwenye duka la saruji akazinduka na kumwambia, basi dirisha lishitakiwe. Watu wakacheka. Mama aliona mkwe wake akicheka pia, mtoto akiwa mapajani, naye akajaribu kucheka, midomo ikakataa.

Zamu yao ilipofika bwana afya alisimama. Hakuwa mtu mbaya. Alieleza kwamba kona ile ina nafasi ya kutosha na umbali wake kutoka kisimani unakubalika, ila ardhi ina unyevu mwingi. Alikuta maji yamefika kiasi cha kifundo cha mguu. Tena hayakutoka chini, alisema, yalichuruzika kutoka ubavuni, upande wa ukuta, yakishuka kidogo kidogo. Kwa maoni yake udongo ule umekwisha kunywa mpaka umeshiba, na shimo la kunywea likichimbwa hapo litafurika. Akashauri bodi isipitishe.

Upande wa ukuta. Mama aliyasikia maneno hayo yakiingia, yakatafuta mahali pa kukaa, yakakaa.

Yeye alikuwa akifua na kupiga pasi nguo za watu. Ndiyo kazi iliyomlisha tangu afiwe. Tangi lilipoanza kuchoka na choo kukoroma, alianza kulihurumia. Maji ya kufulia hakuyaingiza tena tangini. Aliyabeba kwa ndoo mpaka kona ya ukuta na kuyamwaga pale, jioni, ndoo baada ya ndoo, mwaka na zaidi, mpaka majani ya kona ile yakawa mabichi kiangazi chote, na yeye akayaona mazuri. Hata jioni ile shimo lilipokuwa wazi alimwaga. Hakumwaga shimoni, la. Alilizunguka bati kwa uangalifu, asiliguse, akamwaga palepale anapomwaga siku zote. Miguu ilijua njia, kichwa hakikuulizwa.

Mwanawe alikuwa amesimama akijibu, akisema majirani wa pande zote wana mashimo na hayajafurika. Mwalimu akamwambia ardhi si kitambaa kwamba kila kipande kinafanana. Mwana akaketi. Mwenyekiti aliinua kalamu, akasema kama hakuna lingine, bodi inasikitika.

Mama akanyoosha mkono juu, kidole kimoja, kama alivyofundishwa darasani kabla hajaacha shule.

"Yale maji ni yangu," alisema.

Mwenye duka la saruji aliuliza, "Yako kivipi, mama? Yana hati?"

"Ya kufulia. Namwaga pale ukutani kila jioni. Hata usiku wa shimo nilimwaga."

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alivua miwani, ikaning'inia kifuani. Akamwuliza kama anajua kwamba kumwaga maji machafu uwanjani kumekatazwa. Mama akasema anajua. Akamwuliza mbona bwana afya alipotaka kujua maji ya nyumba yanakwenda wapi, aliambiwa tangini.

"Ya kuoga yanakwenda tangini," mama alisema. Sauti yake ilikuwa tambarare, kama anataja bei ya shati. "Ya kufulia hakuniuliza, na mimi nikaogopa kuyataja. Tangi limechoka, nilikuwa nalipumzisha. Sikujua kama nalinywesha shimo."

Bwana afya alitazama karatasi zake, kisha akamtazama yeye, kisha akauliza swali moja tu: anatumia ndoo ngapi? Mama akasema inategemea, wakiwa wamemletea mashuka ni nyingi. Bwana afya akapumua kwa pua, akaketi.

Wakanong'ona mezani. Mwisho mwenyekiti alisema kwamba bodi haikatai na haipitishi. Mama aache kufua nyumbani kuanzia leo, asimwage hata kikombe pale ukutani. Kona iachwe ikauke, shimo lingine lichimbwe kando ya lile, na bwana afya alitazame tena. Kwa kuvunja kanuni anaonywa, na onyo litaandikwa. Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, ile ambayo huenda aliitumia kwa wazazi wodini, "Umesema mwenyewe, mama. Tungekuja kujua baadaye, yangekuwa mengine."

Nje, chini ya ukingo wa bati la zahanati, mwanawe alisimama akiwa amempa mgongo. Alikuwa mtu mpole tangu utotoni, asiyepandisha sauti.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Sikujua mpaka aliposema ukuta."

"Macho yote hayo," mwana alisema, "hukuona ndoo mkononi mwako."

Mkwe alimgusa mumewe mkono. Akasema amwache, maana mama asingefungua mdomo wangekuwa wamekwisha kataliwa. Kisha akamgeukia mama mkwe wake, akimpachika mtoto ubavuni. "Ila mwisho wa mwezi hausubiri udongo ukauke, mama. Unaelewa?"

Mama alielewa. Akaitikia kwa kichwa. Mjukuu akampungia mkono kwa sababu alimwona mtu akiondoka, na mama naye akampungia. Alifika nyumbani, akatoa ndoo zote, akazikausha kwa kitambaa na kuzipanga kifudifudi kama vyombo vya msibani.

Wakahamia upande wa pili wa mji. Mama alijua baada ya wao kuhama, mwana alipopiga kusema mizigo imefika salama na kwamba hawakutaka kumsumbua. Mama akasema mmefanya vizuri. Vyumba vya nyuma vilibaki na harufu ya rangi. Yeye sasa alikwenda kufua kwenye nyumba za watu wenyewe, kwenye karo zao za kufulia, akisimama badala ya kuchutama, na jioni alirudi mikono mitupu bila kujua aiweke wapi. Wateja wengine walimwacha, maana si kila mtu anapenda mfuaji aone jiko lake. Hakuwalaumu. Alipokula alikula, alipolala alilala. Jirani yake alimwuliza siku moja, shoga, mbona dirishani hatukuoni, mtaa umekosa mlinzi. Mama akamjibu kwamba mlinzi yuko likizo. Ilikuwa jibu zuri, hata yeye aliona, lakini alilitoa kama anayesoma kibao cha mtu.

Majani ya kona ile yalianza kukauka nchani, kisha yakakauka yote. Alikuwa akienda kuyatazama asubuhi kabla ya kazi. Aliyaona yakifa, akaridhika, halafu akashangaa kwamba mtu anaweza kuridhika bila kufurahi.

Fundi Sululu alipochimba shimo la pili, mizaha ilikuwa imemrudia. Alitupa bonge la udongo juu, likavunjika likatoa vumbi, akapiga chafya. "Mama, shimo halina adabu," alisema kutoka chini. "Linatangaza lilichokula. Lile la kwanza ulilinywesha mpaka likatapika mbele ya wakubwa. Hili limefunga."

"Lifunge hivyohivyo," mama alisema.

Usiku ule hakukaribia kona. Alfajiri bwana afya aliinua bati, akateremka, akapapasa ubavu wa ukutani kwa muda mrefu kuliko pande nyingine. Kisha akaagiza maji safi, ndoo moja, yamwagwe chini, akasimama kando na saa yake, yeye na mama wakiyatazama yakizama. Yalizama. Safari hii alikubali kuketi, akaomba maji ya kunywa, na akasema ripoti haitakuwa na shida. Bodi ilipokaa, mama alikwenda peke yake. Mwenyekiti aligonga muhuri, akamwambia tangi jipya lianze kujengwa, na watu wanaweza kuhamia likimalizika. Mwenye duka la saruji akamkumbusha, kwa upole, anakouza saruji.

Mama alimpigia simu mwanawe akiwa bado zahanati. Ikaita, ikakatika. Akapiga tena. Labda alikuwa kazini, labda simu iko mfukoni. Hakwenda nyumbani. Alivuka mji kwa miguu na kwa gari, akiuliza njia, kwa sababu nyumba ile hakuwahi kufika, hajaalikwa wala hajakatazwa. Njiani alijaribu kupanga maneno, akaona hayapangiki, akayaacha.

Jengo lilikuwa refu na jembamba. Ngazi zilinuka dawa ya sakafu. Aliutambua mlango kwa viatu vidogo vya mjukuu vilivyoachwa nje, vyekundu, kimoja kimelala. Juu ya mlango, kwenye kidirisha, pazia lilikuwa limekwisha tundikwa. Si shuka la kuzibia kwa muda. Pazia lililoshonwa kwa kipimo cha kidirisha kile, na pindo lake.

Akabisha hodi.

"Nani?" sauti ya mtoto ikauliza.

"Mimi, bibi yako."

Kitasa kikatikisika. "Mama amesema nisimfungulie mtu."

"Amesema vizuri. Usifungue. Mwite."

Alisikia nyayo ndogo zikikimbia, zikipotea ndani ya nyumba kubwa kuliko alivyodhani. Bomba lilikuwa likitiririka mahali fulani, likafungwa. Akasimama, mkoba kifuani. Alitazama viatu vile, akainama, akakisimamisha kile kilicholala. Hakusikia chochote ndani yake, si furaha ya muhuri wala uchungu wa pazia. Alisikia ufunguo ukizunguka.

Mkwe alifungua, mikono yake ikiwa na povu mpaka viwikoni.

"Bodi imekubali," mama alisema kabla hata ya salamu.

Mkwe alimtazama. Akatazama ngazi nyuma yake kama anayetafuta aliyekuja naye, asione mtu. Povu likadondoka sakafuni kati yao. Kisha akausukuma mlango kwa bega, ukafunguka mpaka mwisho, akajibanza ukutani kumpisha.

"Tumesaini mkataba wa mwaka mzima, mama," alisema taratibu. "Ingia kwanza."